Dondoo la mululuza na kinga ya mwili: namna ya kulipima kwa panya bila kujidanganya

Kinga ya mwili haina kipimo kimoja kama joto au shinikizo la damu. Mtu akikuambia kwamba majani fulani "yanapandisha kinga", muulize ni kipande gani cha kinga: idadi ya chembe nyeupe, kingamwili (protini zinazonasa vijidudu), seli T (chembe nyeupe zinazoongoza mashambulizi ya kinga), au uwezo wa chembe kumeza vijidudu? Jani moja laweza kupandisha kimoja na kushusha kingine. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti wa Uganda mwenye maabara ya kawaida, si ya kifahari, anayetaka kujua kwa hakika dondoo lake linafanya nini. Mfano wetu ni mululuza, yaani mtukutu (Vernonia amygdalina, ambayo wataalamu wa mimea sasa huiita Gymnanthemum amygdalinum), lakini hatua ni zilezile kwa mwarobaini, mlonge au gome la Warburgia ugandensis.

Makosa mengi hutokea kabla panya hajaguswa. Kwa hiyo tutakaa sana kwenye jani, na mahesabu ya mwisho tutayapitia upesi.

Karatasi kwanza

Utafiti wa aina hii husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) baada ya kupitishwa na kamati ya maadili ya chuo chako, na kazi ya wanyama ina kibali chake. Ujuzi ukitoka kwa mganga wa kienyeji, andikeni makubaliano kabla ya kuchuma: kanuni za mwaka 2005 kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zinakuhusu, na sampuli ikivuka mpaka bila mkataba wa kuhamisha umejiingiza matatani. Usiliache hili hadi wiki ya kuanza. Vibali huchukua miezi, na majani hayangoji.

Kuchuma na kukausha

Usinunue unga sokoni. Unga wa soko la Owino, Kampala, unaweza kuwa mululuza halisi, unaweza kuwa mchanganyiko, na hakuna atakayejua umekaa ghalani muda gani. Chuma mwenyewe, kutoka miti isiyopungua mitano ya eneo moja, mbali na barabara kuu na mashamba yanayopigwa dawa. Beba tawi lenye maua, libane kwenye magazeti, ulipeleke herbario (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere lithibitishwe na kupewa namba. Maua ndiyo yatakayokuokoa: ya mululuza ni meupe, ya Vernonia auriculifera ni ya zambarau, ilhali majani peke yake humchanganya hata mzoefu. Andika tarehe, saa, wilaya na kama mvua ilikuwa imenyesha.

Osha majani kwa maji ya bomba, kisha yasuuze kwa maji yaliyochujwa madini. Yatandaze kivulini juu ya wavu, tabaka moja, hewa ipite juu na chini. Kiangazi huchukua siku 5 hadi 7. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usitegemee hewa peke yake. Tumia oveni yenye feni kwa nyuzi 40 za selsiasi. Jua kali huunguza baadhi ya kemikali, lakini adui mkubwa zaidi ni unyevu. Jani lililoota ukungu linaweza kubeba aflatoksini, na aflatoksini yenyewe hushusha kinga. Ukilitumia utapima sumu ya kuvu huku ukidhani unapima mmea. Jani lenye doa jeusi au harufu ya uvundo litupwe, hata kama umebakiwa na machache.

Limekauka likivunjika kwa sauti ukilikunja. Hilo ni jicho la jikoni tu. Kipimo chenyewe: gramu 2 za unga kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena. Upungufu usizidi asilimia 10. Kilo 1 ya majani mabichi hutoa takriban gramu 200 za unga, kwa sababu sehemu kubwa ya jani ni maji.

Madondoo mawili ya jani moja

Maji na ethanoli havichukui vitu vilevile. Maji ya moto hutoa polisakaridi, ambazo katika mimea mingi huamsha makrofeji (chembe zinazomeza vijidudu). Ethanoli ya asilimia 70 huziacha nyingi kwenye makapi, ikachukua flavonoidi na laktoni chungu za mululuza kama vernodalini. Laktoni za jamii hiyo zinajulikana kuzima njia ya NF-κB, ambayo ni swichi ya uvimbe na sehemu kubwa ya mwitikio wa kinga. Basi jani lilelile linaweza kukupa dondoo la kuamsha na dondoo la kutuliza. Atakayeripoti "dondoo la mululuza" bila kutaja kiyeyushi hajaripoti chochote. Kama watu wa eneo lako huchemsha majani kwa maji, basi dondoo la maji ndilo swali lako la kwanza. La ethanoli ni la ziada.

Dondoo la maji: gramu 200 za unga kwenye lita 2 za maji yaliyochujwa madini. Chemsha polepole dakika 30 chungu kikiwa kimefunikwa, acha ipoe, chuja kwa kitambaa cha pamba mara mbili, kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1. Ikiziba, na itaziba kwa sababu ya ute, zungusha kwanza kwenye sentrifuji mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10. Gandisha siku hiyohiyo na ukaushe kwa mashine ya kukaushia kwa kugandisha. Mchemsho uliolala mezani usiku mmoja Kampala tayari ni shamba la bakteria.

Dondoo la ethanoli: gramu 200 kwenye lita 2 za ethanoli ya asilimia 70, saa 72, ukitikisa mara kadhaa kwa siku au kwenye meza ya kutikisa. Chuja, vukiza kwa mashine ya kuvukizia inayozunguka, maji ya bafu yasizidi nyuzi 40, kisha malizia kwa kugandisha. Ethanoli ikibaki utawalevya panya, na pombe yenyewe huathiri kinga. Endelea kukausha hadi uzito utulie na harufu iishe.

Pima mavuno: uzito wa dondoo gawanya kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100. Tuseme umepata gramu 30 kutoka 200, yaani asilimia 15. Gawa kwenye vichupa vidogo vya kutosha siku moja moja, vifunge vizuri na uviweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Dondoo kavu hunyonya unyevu wa hewa. Kichupa kinachofunguliwa kila asubuhi hugeuka gundi kabla ya wiki kwisha, na mizani itakuwa inapima maji. Umeme ukikatika, usifungue friza. Dondoo lililoyeyuka na kuganda tena litolewe kwenye jaribio.

Kabla ya kusonga mbele, weka tone la kila dondoo kwenye bamba la silika. Kimiminika cha toluini, ethili asetati na asidi ya fomiki kwa uwiano wa 5:4:1 hutenganisha flavonoidi vizuri. Piga picha ukiandika tarehe, utaihitaji baadaye.

Kupata dozi kutoka kwenye kikombe cha mganga

Watu wengi huchagua miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo kwa sababu wengine walifanya hivyo. Afadhali uanze na matumizi halisi. Mwombe mganga achote majani makavu kama kawaida yake, mara tano, na upime kila konzi. Tuseme wastani wa siku ni gramu 15. Kwa mavuno ya asilimia 15 hizo ni gramu 2.25 za dondoo. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 37.5 kwa kilo. Panya mkubwa wa maabara ana umetaboli wa kasi zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 6.2 (panya mdogo mweupe ni 12.3): unapata miligramu 232 kwa kilo. Kumbe 100, 200 na 400 zinakaa vizuri pande zote mbili za kikombe, na sasa una sababu ya kuziandika. Ukipata kwamba dondoo hufanya kazi kwa gramu 2 kwa kilo peke yake, kwa mtu huo ni mzigo wa majani ambao hakuna anayeunywa.

Ujazo uwe uleule kwa kila panya: ml 1 kwa kila gramu 100 za mwili. Tengeneza vimiminika vya mg 10, 20 na 40 kwa ml. Panya wa gramu 180 wa kundi la 200 atapewa ml 1.8, yaani mg 36. Dondoo la ethanoli halitayeyuka vizuri kwenye maji. Tumia kichanganyishi cha Tween 80 cha asilimia 1, na vikundi vyote vya kulinganisha vipewe Tween hiyohiyo.

Usalama wa dozi upimwe kwanza kwa mwongozo wa kimataifa wa OECD namba 425: panya jike, mmoja baada ya mwingine, mg 2,000 kwa kilo, uangalizi wa siku 14. Hauhitaji zaidi ya watano.

Panya na vikundi

Tumia panya wakubwa wa aina ya Wistar wa gramu 150 hadi 200, wa jinsia moja. Wape siku 7 za kuzoea banda kabla ya lolote. Msongo hupandisha kortikosteroni, na homoni hiyo hukausha thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani) na kupunguza limfosaiti (aina ya chembe nyeupe); fundi anayegonga mabati karibu na banda wiki ya jaribio anaweza kukupa "matokeo" makubwa kuliko dondoo. Angalia pia chakula. Chakula cha kuku mara nyingine huchanganywa na dawa, na pumba za mahindi zilizolala ghalani huleta tena ile aflatoksini tuliyoikimbia.

Vikundi saba vya panya sita: (1) maji tu, (2) saiklofosfamidi (dawa ya kukandamiza kinga) na maji, (3) saiklofosfamidi na levamisoli (dawa inayojulikana kuamsha kinga) mg 50 kwa kilo, (4), (5) na (6) saiklofosfamidi na dondoo mg 100, 200 na 400, (7) dondoo mg 400 bila saiklofosfamidi. Ongeza panya watatu wasiochanjwa, kazi yao tutaiona. Jumla ni 45. Wapange kwa uzito kisha wagawe kwa kura, na mtu wa kupima asijue tundu lipi ni la kundi gani. Hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote, ilhali halina gharama.

Kundi la 7 ndilo wengi hulikata ili kupunguza panya. Usilikate. Saiklofosfamidi haiui chembe mpaka vimeng'enya vya ini viigeuze. Dondoo likizuia vimeng'enya hivyo, dawa haitaamka, chembe nyeupe hazitashuka, na wewe utaandika kwamba mmea "umelinda kinga" kumbe umezuia dawa. Kundi la 7 linakuonyesha dondoo hufanya nini mahali ambapo hakuna dawa ya kuzuia.

Dondoo unalohitaji: dozi tatu kwa siku 14 ni kama gramu 10.6, kundi la 7 gramu 6, jaribio la usalama gramu 1.8. Gramu 30 ulizonazo zinatosha na ziada ya kumwagika.

Ratiba

Dondoo hutolewa kwa sindano butu ya kulishia kila asubuhi saa ileile, siku ya 1 hadi ya 14. Kundi la maji nalo lilishwe kwa sindano, si kuachwa, kwa sababu kushikwa peke yake ni msongo.

Siku ya 7 chanja panya wote, isipokuwa wale watatu, kwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, ambazo kinga ya panya huziona kama mgeni: seli 5×10⁸ kwa kila gramu 100 za mwili, ndani ya tumbo. Siku za 8, 9 na 10 vikundi 2 hadi 6 vipewe saiklofosfamidi mg 30 kwa kilo, saa moja baada ya dondoo.

Mpangilio huo si wa bahati nasibu. Saiklofosfamidi ikitangulia chanjo inaweza kuongeza uvimbe wa mwitikio wa seli T badala ya kuupunguza, kwani huondoa zile seli T za kutuliza. Wanaoitoa siku tatu kabla ya chanjo hushangaa kuona kundi la 2 limevimba kuliko kundi la 1, kisha hulaumu kondoo.

Na tahadhari: saiklofosfamidi ni dawa ya saratani. Glavu mbili, barakoa, na mjamzito asiiguse. Mkojo na matandiko ya panya hao kwa siku kadhaa vichomwe kwenye tanuri la taka za hospitali, visichanganywe na taka za banda.

Damu ya kondoo

Mwombe daktari wa mifugo atoe damu kwenye mshipa wa shingo wa kondoo mzima, ujazo sawa na maji ya Alsever (ya kuhifadhia damu), itiwe kwenye ubaridi wa nyuzi 4. Damu ya machinjioni ni ya bure lakini mara nyingi imeguswa na kinyesi na imeshaanza kupasuka. Tumia kondoo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Osha seli mara tatu kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10, ukiondoa kila mara utando mweupe wa juu. Maji ya juu yakiendelea kuwa mekundu baada ya mara ya tatu, seli zinapasuka: tupa, anza upya. Kwa kuanzia, ml 3 za seli zilizoshikamana kwenye ml 100 hukaribia seli 1×10⁹ kwa ml. Hakikisha kwa chemba ya kuhesabia seli ya Neubauer: punguza mara 200, hesabu miraba mitano ya katikati, zidisha kwa 10⁷. Ukipata 100 uko sawasawa. Seli za kondoo ni ndogo kuliko za binadamu, kwa hiyo lenzi ya 40, si ya 10. Panya wa gramu 180 atahitaji ml 0.9 ya kimiminika hicho.

Siku ya 14 na ya 15

Asubuhi ya siku ya 14, baada ya dozi ya mwisho, pima unene wa nyayo zote mbili za nyuma kwa kalipa ya kidijitali. Kisha chukua damu panya akiwa na dawa ya usingizi. Panya wa gramu 200 ana damu kama ml 12.8, usivuke asilimia 10, yaani takriban ml 1.2. Nusu ml iingie kwenye kichupa cha EDTA (kizuia damu kuganda), iliyobaki kwenye kichupa kikavu ipate seramu. Halafu choma ml 0.1 ya seli za kondoo (1×10⁸) unyayo wa kulia, na ml 0.1 ya maji ya chumvi wa kushoto.

Pima tena baada ya saa 24. Toa unene wa awali, kisha toa badiliko la kushoto kutoka la kulia. Uvimbe wa saa 4 ni wa kingamwili zaidi; wa saa 24 ndio wa seli T. Mtu mmoja apime panya wote, kila unyayo mara tatu, kwani vidole viwili tofauti hubana kalipa kwa nguvu tofauti. Wale panya watatu wasiochanjwa wachomwe pia: uvimbe wao ni wa kuudhiwa na sindano tu. Ukiwa mkubwa, seli zako zina uchafu.

Hapa pana mtego wa mululuza hasa. Dondoo linaloshusha uvimbe wa aina yoyote litashusha na huu, bila kuwa limegusa seli T. Chukua panya wachache wa akiba, wape dondoo, wachome karajini (ya kuleta uvimbe) ya asilimia 1, ml 0.1, na upime uvimbe saa 3 hadi 4 baadaye. Ukishuka pia, usiandike kwamba dondoo hukandamiza seli T. Andika kwamba hutuliza uvimbe.

Chembe nyeupe zihesabiwe siku hiyohiyo. Mashine ya hospitali iliyowekwa kwa damu ya binadamu hukosea mgawanyo wa panya, kwa sababu kwa panya limfosaiti ndizo nyingi na kwa mtu mzima ni nyutrofili. Idadi ya jumla kutoka kwenye mashine inakubalika. Mgawanyo fanya kwa macho, seli 100 kwenye slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa.

Baada ya kipimo cha unyayo, panya wauawe kwa njia ya huruma iliyoidhinishwa, kisha pima wengu na thaimasi kwa miligramu kwa gramu ya mwili. Wengu mkubwa si lazima uwe habari njema: huvimba pia mwili unaposafisha chembe nyekundu zilizoharibika, jambo linalowezekana kwa mmea wenye saponini (kemikali zinazotoa povu kama sabuni). Tazama hemoglobini kabla ya kushangilia.

Kingamwili

Pasha seramu nyuzi 56 kwa dakika 30 ili kuzima komplementi (protini za damu zinazopasua seli); ukisahau, seli zitapasuka badala ya kushikana. Tumia bamba la visima 96 lenye chini ya mviringo. Weka mikrolita 25 za maji ya chumvi kwenye visima vyote 12 vya safu. Tia mikrolita 25 za seramu kisima cha 1, changanya, hamisha 25 hadi cha 2, endelea hivyo hadi cha 11, tupa 25 za mwisho. Cha 12 hakina seramu. Sasa ongeza mikrolita 25 za seli za kondoo za asilimia 1 kwenye visima vyote, gonga bamba taratibu, weka nyuzi 37 kwa saa 1 bila kulitikisa.

Seli zikikusanyika kuwa kitufe chekundu katikati, hakuna mshikamano. Zikitandaa kama zulia chini ya kisima, mshikamano upo. Taita, yaani kipimo cha wingi wa kingamwili, ni kisima cha mwisho chenye zulia, na kwa mpangilio huu namba ya kisima ndiyo logi ya msingi wa 2 moja kwa moja: kisima cha 7 ni 1 kwa 128. Kisima cha 12 kikitandaa, safu nzima haifai. Kisima cha 1 na cha 2 vikiwa na kitufe na cha 3 kina zulia, usidhani umeharibu. Kingamwili zikizidi sana hushindwa kushikanisha seli, na ukipunguza zinaonekana.

Fanya wastani wa namba za visima, si wa 128, 256 na 512. Taita huruka kwa kuzidisha, na panya mmoja wa 2,048 ataburuta wastani wa kawaida wa kundi zima. Linganisha vikundi kwa vipimo vya takwimu vya ANOVA kisha Dunnett dhidi ya kundi la 2. Lakini kwanza hakikisha kundi la 2 limeshuka chini ya kundi la 1. Lisiposhuka, hakuna kinga iliyokandamizwa, na dondoo halina cha kurudisha. Jaribio limekwama hapo, hata kama vikundi vya dondoo vinapendeza machoni.

Ukitaka kupima kwenye seli

Wenye maabara ya kukuzia seli hupenda kuanza huko kwa sababu ni haraka. Haraka hiyo ina gharama. Uso wa jani umejaa bakteria, na ukuta wa baadhi yao una endotoksini ambayo kwa kiasi kidogo mno huamsha makrofeji. Kuchemsha hakuimalizi. Dondoo nyingi zinazosifiwa kwa "kuamsha kinga" kwenye sahani zimebeba uchafu huo. Weka sahani ya pili yenye polimiksini B, ambayo huzima endotoksini, mikrogramu 10 kwa ml. Kama mwamko unapotea, uliyekuwa ukimpima ni bakteria. Kwa ujumla maji ya kutengenezea yawe ya sindano, si ya chupa ya dukani.

Kipimo cha MTT, ambacho huonyesha kwa rangi seli zilizo hai, nacho kina hila: flavonoidi hubadilisha rangi yake zenyewe bila seli yoyote. Weka visima vya dondoo na MTT bila seli, toa usomaji wake. Saponini hupasua seli, kwa hiyo changanya dondoo na chembe nyekundu za asilimia 2 kwa saa 1, nyuzi 37. Maji ya juu yakiwa mekundu, punguza kiwango hadi yawe meupe ndipo uanze. Dimethili salfoksidi ya kuyeyushia isizidi asilimia 0.5 ndani ya kisima.

Kutoka panya hadi watu

Matokeo mazuri ya panya hayakupi ruhusa ya kuandika "hupandisha kinga" kwenye chupa. Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA) ndiyo inayoamua chupa iseme nini, na inasoma maneno kwa makini: mwaka 2021 iliikubali Covidex, dawa ya mitishamba, kama dawa ya kusaidia matibabu ya maambukizi ya virusi, si kama tiba ya COVID-19. Watu walio kwenye dawa za UKIMWI ni miongoni mwa wanaokimbilia mitishamba ya kinga, nao wana hatari kubwa. Vitunguu saumu vya vidonge vilishusha kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za UKIMWI, kwenye damu kwa karibu nusu katika majaribio ya watu wazima wenye afya. Kwa hiyo kabla ya hatua ya watu, pima dondoo lako dhidi ya vimeng'enya vya ini, hasa CYP3A4. Aliyepandikizwa figo, au mwenye ugonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe, asihusishwe kabisa: kwake kinga iliyoamshwa ni hatari.

Mwisho, rudia jaribio kwa majani ya msimu mwingine, angalau kundi la 1, la 2 na dozi iliyofanya kazi. Yakitofautiana, usiitupe awamu yoyote. Toa ile picha ya bamba la silika, endesha madondoo mawili bega kwa bega kwenye bamba moja, na utafute doa lililopo kwenye moja na kukosekana kwenye jingine. Likate, lichunguze: pengine ndilo lililokuwa likifanya kazi.